Bata Aliyefunga Breki

Pale dukani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote walimwita Dole Gumba, na jina hilo hakulipata kwa kubahatisha. Duka lilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, likiuza televisheni, spika, nyaya za kila namna, na zaidi ya yote magemu ya kuchezea nyumbani. Kazi yake ilikuwa kuuza. Lakini akitokea mteja mwenye maneno mengi, eti yeye ni mkali, eti mtaani kwao hana mpinzani, Dole Gumba alimkabidhi padi moja, kile kidude cha vitufe cha kushika kwa mikono miwili, akachukua nyingine, akamnyamazisha. Kisha aliinua kidole gumba juu, akatabasamu vizuri kabisa na kusema, "Asante kwa kuja, karibu tena." Kuna wanaume wazima na ndevu zao walioshuka zile ngazi wakiwa hawasemi na mtu.

Gemu lililompa sifa hizo liliitwa Mbio za Vichaa. Sasa ukitaka kujua lina nini cha maana, utachoka bure, maana halina. Ni vigari vidogo vinavyoendeshwa na wanyama. Vinakimbizana juu ya mapaa, ndani ya mabomba na katikati ya soko, huku madereva wakirushiana ndoo za povu la sabuni. Basi, ndiyo hivyo. Na watu walikuwa wakiligombania kama mpira wa kona. Maboksi yakipanda ngazi asubuhi, jioni rafu imebaki na vumbi. Hakuna gemu lililowahi kuuzwa pale kama lile, na Bosi, ambaye hata biashara ikimnyookea hutafuta la kumtia wasiwasi, alikuwa akipita mbele ya ile rafu na kuigusa kama anayempima mtoto homa.

Huyo ndiye Dole Gumba wa dukani. Wa nyumbani alikuwa mtu mwingine, na hasa tangu mama mkwe alipokuja kukaa.

Mama mkwe alikuwa matroni wa hospitali, mstaafu, mwanamke mrefu aliyenyooka hata akiwa amekaa. Alifanyiwa upasuaji wa goti, madaktari wakamkataza kuishi peke yake mpaka apone vizuri, na mwanawe, ambaye ni fundi wa majokofu na ndiye mume wa Dole Gumba, akaenda kumchukua. Wanawake wengine wakisikia mama mkwe anakuja na begi hukosa usingizi kwa hofu. Dole Gumba alikosa usingizi kwa furaha. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa hata kufunga kamba za viatu hajui, akalelewa kwa zamu na mashangazi zake, watu wazuri wote, ila kila mmoja alikuwa na watoto wake wa kuwaita kwanza. Fundi alipomchumbia, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa kama mama yake yu hai. Mpaka leo Fundi hutania kwamba mkewe alimtaka mama, yeye alitupiwa tu kama nyongeza ya nyanya sokoni.

Lakini mama huyo hakuwa wa kupatikana kirahisi, jamani. Alikuwa na adabu mpaka inauma. Akiletewa chai anasema, "Asante, mke wa mwanangu, usijisumbue." Akiletewa mto wa kuwekea mguu, asante, mke wa mwanangu, usijisumbue. Chumvi ikizidi, hasemi. Nguo zikisahaulika kwenye kamba zikanyeshewa, hasemi. Dole Gumba alitamani japo agombezwe kidogo, kama wanavyogombezwa watoto wa watu, lakini wapi.

Halafu kulikuwa na lile begi. Alimsafishia kabati zima, akanunua hanga mpya, akatandika karatasi kwenye rafu. Mama mkwe akashukuru, na begi akaliacha pale pale karibu na mlango, zipu imefungwa. Akitaka gauni analitoa, anafunga zipu. Jioni akilivua analikunja, analirudisha, anafunga zipu. Kila asubuhi Dole Gumba akifagia alilitupia jicho lile begi na moyo ukamshuka, maana alijua siku daktari akisema goti limepona, mama huyo ataondoka bila hata kutafuta soksi.

Mashine ya gemu walikuwa wameificha. Hilo lilikuwa wazo la Fundi, aliyesema mama akiiona atadhani mwanawe ameoa mtoto mwenzake. Wakaivingirisha kwenye shuka, wakaisukuma nyuma ya mablanketi, juu kabisa ya kabati lile lile, kwa kuwa mama hakuwa akilifungua. Akili hizo! Ikaja siku ya mvua, mama akasikia baridi, akafuata blanketi. Waliporudi kazini walikuta mashine iko mezani, padi zimepangwa kando yake kama vyombo vya upasuaji, na mama amekaa anawasubiri. Akauliza ni kitu gani. Fundi, bila hata kufikiri, akasema ni kipuri cha jokofu.

"Jokofu lenye picha ya bata aliyevaa miwani?" mama akauliza.

Ikabidi Dole Gumba aseme ukweli, huku masikio yanamwaka moto, kwamba ni gemu la magari na ndilo wanalouza sana dukani. Alisubiri kugombezwa, na kusema kweli alisubiri kwa hamu. Mama akaitazama mashine, akamtazama mwanawe, kisha akasema linachezwaje, mke wa mwanangu, hebu nionyeshe.

Mama akamchagua huyo bata mwenye miwani. Dole Gumba akamchukua nyani, dereva wake wa siku zote. Taa ya kijani ilipowaka, bata alianza kwa kurudi nyuma, akagonga meza ya muuza vyungu, akazunguka mara kadhaa, akatumbukia kwenye kisima. Mama mwenyewe alikuwa akiinama na padi huku na huku, mwili mzima, kana kwamba kiti ndicho chenye magurudumu. Sasa wewe mwenzangu ungefanya nini? Umshinde mama mkwe wako, siku ya kwanza, na goti lake bovu? Nyani akagonga ukuta. Akateleza kwenye povu lake mwenyewe. Akasimama kwenye kona kama anayesubiri mtu. Bata akatoka kisimani, akajikongoja, akapita, akavuka mstari, na ngoma zikalia kwenye televisheni.

Mama mkwe akacheka. Haukuwa ule mguno wa adabu aliokuwa akiutoa Fundi akisema utani. Alicheka mpaka miwani ikashuka puani na akashika goti kwa maumivu, na kucheka hakuacha. Dole Gumba aliitazama ile sura akahisi kitu kinamfunguka kifuani. Akajiapia kwamba kama ni kushindwa, atashindwa mpaka mwisho wa dunia.

Ikawa ndiyo desturi yao kila jioni. Na usidhani kushindwa ni kazi ndogo. Kumshinda mtu anayeendesha kinyumenyume, hata aliyelala anaweza. Kushindwa naye, na asijue, hapo ndipo utoe jasho. Dole Gumba alijifanya kupiga chafya. Alijifanya amesahau kitufe cha breki. Ule ukuta wa kona ya sokoni aliugonga mara nyingi hivi kwamba aliujua kila tofali, na Fundi kwenye kochi alikuwa akiung'ata mto asiangue kicheko. Mama naye akawa hashikiki. Aliwapigia simu wauguzi wenzake wastaafu, mmoja baada ya mwingine, na kwa sauti ya wodini akawatangazia kwamba leo tena amemwachia vumbi mke wa mwanawe, na yule si mtu wa mchezo, anafanya kazi kwenye duka lenyewe. Dole Gumba jikoni alisikia, akatabasamu mpaka sufuria ikaungua.

Jambo moja tu hakulitilia maanani. Siku hizo akirudi kutoka kazini, akiishika padi, anaikuta ya moto. Alifikiri ni jua la dirishani.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya mdomo wa Fundi. Toleo la pili la Mbio za Vichaa lilikuwa linakuja, na Bosi aliandaa mashindano dukani Jumamosi mchana, watu washindane wawili wawili kwenye skrini kubwa. Dole Gumba alikuwa amemwonya mumewe asilitaje nyumbani. Fundi akalitaja, tena mdomo umejaa chakula. Mama akaweka kijiko chini, akafuta midomo taratibu, akasema aandikishwe.

Mkewe alimkazia macho Fundi mpaka akasahau kutafuna. Dole Gumba akajaribu kusema ngazi za dukani ni ndefu na goti bado. Mama akasema daktari mwenyewe ameagiza mazoezi ya ngazi. Akajaribu kusema patakuwa na kelele. Mama akamkumbusha kwamba amefanya kazi wodi ya wazazi.

Usiku ule Dole Gumba alijigeuza kitandani mpaka Fundi akahamia kochini. Aliwajua wale vijana wanaokuja dukani. Hawana huruma hata na wadogo zao. Mama wa watu watamnyoa bila maji, mbele ya umati, na hapo hapo ataelewa kwamba ushindi wake wote nyumbani ulikuwa wa kuhurumiwa. Angechukua begi lake siku hiyo hiyo, zipu yenyewe imeshafungwa. Basi asubuhi akamfuata Bosi, akamwomba mama apangwe naye, mbio za kwanza kabisa. Yeye atashindwa, mama atapigiwa makofi, kisha atasema goti linahitaji kupumzika na kumrudisha nyumbani na heshima yake.

Bosi alimtazama kama amesikia kwamba duka linaungua. Akamuuliza kama anajua watakachosema wateja, Dole Gumba kushindwa na bibi, hapa, kwenye skrini kubwa. Dole Gumba alijua. Jina lile alikuwa amelitafuta kwa miaka na alilipenda, asikudanganye mtu. Lakini jina angeweza kutafuta jingine, na mama hauzwi rafuni.

Jumamosi ikafika. Duka lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya maboksi ya televisheni. Mama mkwe alipanda zile ngazi moja moja, fimbo mkononi, viatu vyeupe vimepigwa rangi upya, Fundi nyuma yake amekunjua mikono kama anayedaka jokofu. Watu wakampisha wenyewe. Matroni ni matroni, hata usipoambiwa. Akaketishwa mbele, akapewa padi, akaipapasa vitufe na kukohoa kidogo. Dole Gumba akakaa kando yake.

Taa ya kijani ikawaka.

Nyani akaondoka polepole, kama ilivyopangwa, akijitayarisha kwa ukuta wake wa sokoni. Ila Dole Gumba alipotupa jicho upande wa bata, alishtuka. Bata hakurudi nyuma. Bata alikata kona ya kwanza kwa ndani, akaruka bomba, akapita kwenye kichochoro cha muuza vyungu bila kugusa hata kimoja. Kichochoro kile hata wateja wa kila siku hawakukijua. Hapo ndipo Dole Gumba alipoelewa kwa nini padi zilikuwa za moto. Siku nzima, wao wakiwa makazini, mama alikuwa akijinoa, na jioni yeye, macho kwenye ukuta wake, hakuona.

Haya, akafikiri, afadhali, kazi yangu imepungua. Akapunguza mwendo zaidi. Lakini na bata naye akapunguza. Nyani akagonga ukuta. Bata akagonga ukuta wa kando yake. Nyani akateleza kwenye povu. Bata, ambaye alikuwa ameshalikwepa, akarudi kulitafuta. Watu wakaanza kuguna. Ikawa wanakaribia mstari wa mwisho, hawa wawili wakiwa bado wanaongoza kwa sababu wanyama wengine, wale wanaoendeshwa na mashine yenyewe, walikuwa mbali nyuma. Na pale pale, hatua chache kabla ya mstari, nyani akafunga breki.

Bata akafunga breki.

Kwenye skrini kubwa vigari viwili vimesimama ubavu kwa ubavu, vinanguruma, na mstari uko mbele yao.

"Tangulia, mama," Dole Gumba akanong'ona.

"Aka, tangulia wewe," mama akanong'ona naye. "Hapa ni kazini kwako. Siwezi kuja kukuaibisha mbele ya bosi wako."

"Mama, tafadhali, nakuomba upite."

"Pita wewe, mke wa mwanangu, usijisumbue."

Wakati wanasukumiana hivyo, mbuni akafika, akapita katikati yao, akavuka mstari. Kisha kobe. Kisha mbuzi aliyekuwa na gurudumu moja limechomoka. Duka likapasuka kwa kicheko, watu wanashikana mabega, Bosi amejifunika uso kwa bango la toleo la pili. Mwisho kabisa akaja konokono, taratibu, akapita naye. Nyuma ya duka mtu akapaza sauti kuuliza, Dole Gumba, leo umelogwa na nani?

Mama mkwe akageuka kwenye kiti. "Dole Gumba ndiye nani?"

Vidole vyote dukani vikamwonyesha mkwewe. Msichana mmoja, mteja wa siku nyingi, akaona amsaidie bibi kuelewa, akamweleza kwamba huyo hajawahi kushindwa na mtu, wanakuja mpaka watu wa mbali kupigwa na yeye.

Mama akaigeukia skrini. Ulionekana usoni mwake ule ukuta wa sokoni ukipita, na zile chafya, na breki zilizosahauliwa, jioni moja baada ya nyingine. Kicheko kikapungua dukani, kikaisha.

"Kwa hiyo sijawahi kukushinda," akasema. "Hata mara moja."

"Nilikuwa nakuheshimu, mama," Dole Gumba akasema. "Nilipenda ukicheka. Nilitaka ubaki."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, kama asiyeona watu.

"Heshima nimepewa ya kunitosha. Wodini walikuwa wakisimama nikipita, na chumba cha chai kikanyamaza nikiingia. Mwanangu mwenyewe ananiambia ni kipuri cha jokofu. Watu wananiheshimu mpaka hakuna anayecheza na mimi. Nilidhani nimekupata wewe." Akaishika padi sawasawa. "Nishinde."

"Mama..."

"Nishinde kama unavyowashinda hawa. Ukigonga ukuta nakwenda zangu."

Dole Gumba akafuta macho kwa mkono wa shati. Taa ikawaka, na safari hii nyani alitoka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Bata hakukubali. Bata alikuwa mkali kweli kweli, haki ya Mungu, yule bibi alikuwa amejifunza. Kona ya pili alimmwagia nyani ndoo ya povu usoni, umati ukaruka juu, na mama akatoa mlio ambao Fundi hakuwahi kuusikia tangu azaliwe. Wakapanda mapaa, wakatoka kwenye bomba wamekwaruzana, wakaingia sokoni pamoja. Na hapo ndipo Dole Gumba alipojisahau. Akasahau goti, akasahau begi, akasahau mama mkwe ni nani. Vidole vikawa vile vya kila siku. Akambana bata, akambana tena, akamsukumia kwenye ule ukuta wake yeye mwenyewe, ukuta aliokuwa akiujua kwa kila tofali, akavuka mstari peke yake huku bata akiwa miguu juu.

Akaruka kutoka kwenye kiti. Akazunguka mara moja kwa kisigino, akainua kidole gumba mpaka karibu na pua ya mama mkwe wake, akamwambia, "Asante kwa kuja, karibu tena."

Kisha akajisikia alichokisema. Kidole kikabaki kule juu, kwa kuwa hakujua akipeleke wapi. Fundi akafumba macho. Bosi, ambaye wasiwasi wake kwa mara ya kwanza ulikuwa na sababu, akaacha kupumua.

Mama mkwe akamtazama kuanzia miguuni mpaka kwenye kile kidole. Akainama polepole, akavua kiatu kimoja cheupe, akampiga nacho pajani.

"We mtoto huna adabu hata chembe," akasema. "Kaa chini. Turudie."

Dole Gumba akakaa chini, analia na kucheka kwa wakati mmoja, paja linamwasha, na katika maisha yake hajawahi kupigwa kitu kitamu kama kile kiatu. Wakarudia. Mama akashindwa, akasingizia padi. Wakabadilishana padi, akashindwa, akasingizia mwanga. Mashindano ya Bosi yalichelewa sana siku ile, na hakuna aliyelalamika. Vijana walikuwa wamekaa sakafuni wakimshauri bata wapi apite, na mama akiwagombeza wanyamaze, anajua barabara.

Asubuhi ya pili Dole Gumba aliamka kufagia, akafika mlangoni mwa kile chumba na kukuta sakafu tupu. Begi halikuwepo. Akaingia ndani na ufagio wake. Begi lilikuwa juu ya kabati, limebonyea, halina kitu. Akafungua kabati. Magauni yote yalikuwa yametundikwa, na kwenye rafu soksi zimepangwa kimatroni, jozi kwa jozi.

Sebuleni televisheni ilikuwa inanguruma. Mama alikuwa ameshaketi, mguu juu ya mto, bata ameshachaguliwa, padi ya pili imewekwa kwenye kiti cha kando. Bila kugeuka akasema chumvi ya jana usiku ilikuwa nyingi, na mapazia yale yanahitaji kufuliwa, na kwa nini mtu mzima anaacha viatu njiani. Dole Gumba akasikiliza kila neno, hakutaka liishe hata moja. Kisha akasema kwamba angependa kucheza, ila leo duka linafunguliwa mapema kwa ajili ya toleo jipya, na Bosi atamkaba.

"Mpigie," mama akasema. "Mwambie utachelewa kidogo, mama yako anaumwa goti."

Dole Gumba akaegemeza ufagio ukutani, akapiga simu, akasema hivyo hivyo alivyoambiwa. Kisha akaketi, akaichukua padi, ikiwa ya moto, na kabla bata hajafika hata kona ya kwanza akamtumbukiza kisimani.